Maonyesho manne, shoo kumi na mbili na mlango mmoja wa mizigo

"Kituo chetu cha sanaa kina ukumbi wa maonyesho wa mita 12 kwa 20 na ukumbi wa jukwaa wa viti 150. Kati yake kuna ukuta mmoja wenye mlango, na mizigo ya kumbi zote mbili inapitia mlango mmoja wa nyuma. Msimu ujao ni wa miezi kumi na tumeshapanga maonyesho manne na shoo kumi na mbili. Katika ratiba ya kwanza, kila maonyesho yanafungwa Jumapili na yanayofuata yanafunguliwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, na shoo zimetawanywa Jumamosi za katikati. Mafundi wanasema haiwezekani. Mkurugenzi anasema siku tano ni nyingi. Maonyesho ya kwanza ni michoro 40 ya karatasi tuliyoazima, na katika wiki zake kuna shoo ya dansi ambayo mtunzi wake anataka moshi na besi nzito. Nani yuko sahihi, na nipange vipi?"

Mafundi wako sahihi. Mkurugenzi naye hajakosea kabisa, kwa sababu ziko hali ambazo siku tano zinatosha. Nitazitaja, ila yako si mojawapo. Naona wasiwasi wako ni wa aina mbili: muda wa kushusha maonyesho haya na kupandisha yale, na namna kumbi hizi zinavyosumbuana kupitia ukuta, mlango na hewa. Ukilipanga vizuri la kwanza, sehemu kubwa ya la pili itakwisha yenyewe.

Ratiba yako imejengwa juu ya tarehe za ufunguzi, na ndiyo maana inakubana. Chukua karatasi mpya uanze na siku ambazo ukumbi umefungwa. Hizo hazibanwi wala hazibembelezwi. Siku za kuwa wazi ndizo zinazoweza kuongezwa au kupunguzwa.

Tuhesabu kwa ukumbi wako mwenyewe. Kazi ya kuazima haitolewi ukutani na kutiwa kwenye kasha hivi hivi. Inakaguliwa kwanza chini ya taa inayomulika kwa pembeni, ikilinganishwa na ripoti ya hali iliyoandikwa siku ilipofika: pembe za fremu, madoa, karatasi iliyoanza kujikunja, vumbi lililopenya nyuma ya kioo. Watu wawili wenye uzoefu hutumia kama dakika 20 kwa mchoro mmoja wenye fremu. Michoro 40 ni dakika 800, yaani zaidi ya saa 13. Hizo ni siku mbili za kazi na ukuta bado hujaugusa. Siku ya tatu lori linachukua makasha.

Kisha ukuta. Mzingo wa ukumbi wako ni mita 64. Kuta zikiwa na kimo cha mita 3.5, una mita za mraba 224. Matundu yazibwe kwa pati, ikauke, ipigwe msasa, vumbi lifutwe, halafu ije mikono miwili ya rangi. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo andaa lita 40 na ushee, na siku tatu kwa watu wanne. Hapa ndipo ratiba nyingi zinapojidanganya. Rangi ya maji isiyonata tena kidoleni baada ya saa mbili bado inatoa mvuke, na mvuke huo huchafua metali na kudhuru karatasi. Ipe siku nne angalau, hewa ikizunguka. Ndani ya kabati za kioo, ambako mvuke hauna pa kutokea, ngoja wiki mbili hadi nne. Rangi za mafuta ziweke mbali kabisa na ukumbi huo.

Makasha ya maonyesho yanayofuata yakifika, yakae saa 24 bila kufunguliwa, katika chumba chenye hali ya hewa sawa na ya ukumbi. Kasha lililotoka kwenye lori la baridi likifunguliwa papo hapo, unyevu wa chumba hugeuka matone juu ya kioo na metali, na karatasi hunyonya unyevu na kuanza kujikunja. Saa hizo unaweza kuziingiza ndani ya siku za rangi kama una stoo ya kufaa. Kama huna, ongeza siku moja.

Baada ya hapo: ukaguzi wa kuingia siku mbili, kutundika siku mbili, kuelekeza taa siku moja, vibandiko vya maelezo na usafi siku moja, na siku moja ya akiba. Siku ya akiba si anasa, maana fremu moja hufika na kioo kilichopasuka, au kibandiko kinachapwa na jina lililokosewa. Jumla ni siku 17. Weka wiki tatu kwenye ratiba ili mafundi wapate na siku za kupumzika. Mtu aliyechoka akiwa juu ya ngazi na drili mkononi ni hatari kwake na kwa kazi iliyo chini yake.

Siku tano zinatosha lini? Msanii akiwa mwenyewe ndiye mwenye kazi na yupo pale, kuta zikibaki na rangi ile ile, na kazi zikiwa chache na kubwa, tuseme picha kumi zinazokaa kwenye misumari iliyopo. Kwa namna hiyo hata siku nne unaweza. Video, ambayo watu hudhani ni nyepesi kwa kuwa "inawashwa tu", ni kinyume chake. Projekta ya lumeni 5,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) ikitoa picha ya upana wa mita 3 (kama mita za mraba 5) huweka takribani laksi 1,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) mahali palipo peupe kabisa. Mwanga unaovuja kutoka mlangoni ukiwa laksi 100, weusi wa picha unakuwa kijivu na msanii ana haki ya kulalamika. Utahitaji kuta za muda, rangi nyeusi na kona ya kuingilia inayozuia mwanga, na useremala huo unaongeza siku nne au tano.

Sasa hesabu ya msimu. Miezi kumi ni kama wiki 43. Maonyesho manne yanahitaji vipindi vinne vya wiki tatu, pamoja na kile cha kabla ya ufunguzi wa kwanza. Wiki 12 zimekwenda, 31 zimebaki, na kila maonyesho yanapata pungufu ya wiki nane. Ukiwa na matatu, unafunga wiki tisa, zinabaki 34: wiki 11 kwa kila moja, na wiki moja ya kushusha ya mwisho. Ningechagua matatu bila kusita. Wageni wengi huja siku za ufunguzi na wiki ya mwisho, na katikati ndipo wanapokuja wanafunzi na vikundi, ambao hupanga safari zao wiki kadhaa kabla. Maonyesho ya wiki saba mara nyingi hufungwa kabla hawajapata nafasi. Tamasha la documenta kule Kassel, Ujerumani, lililoanza mwaka 1955, hukaa wazi siku 100, na hakuna anayeona ni muda mrefu mno. Ya nne yasitupwe: yahamishie mapokezi, yawe ya msanii aliye karibu na kwa mtindo ule wa siku tano, na mkurugenzi apate manne yake.

Wiki 11 si nyingi mno kwa karatasi? La, mradi mwanga umedhibitiwa. Kipimo kinachokubalika kwa michoro ya karatasi, rangi za maji na vitambaa ni laksi 50. Picha za rangi ya mafuta au akriliki huvumilia hadi 200. Kinachodhuru ni jumla ya mwanga ulioangukia karatasi, kwa hiyo laksi 100 kwa mwezi mmoja ni sawa na laksi 50 kwa miezi miwili. Ukifungua siku sita kwa wiki, saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wiki 11 ni saa 528, na kwa laksi 50 unapata laksi-saa 26,400. Muulize mwenye michoro kiwango chake kwa mkataba huu, kisha ulinganishe. Taa zikiachwa zinawaka saa mbili zaidi kila siku kwa ajili ya usafi, umeongeza robo nzima, na hakuna mgeni aliyefaidi. Msafishaji apewe taa yake ya mkononi.

Mawili ya kusahihisha hapo hapo. Kioo cha kuzuia mionzi ya urujuanimno hakimalizi tatizo, kwa sababu mwanga unaoonekana nao hufifisha wino. Na taa za LED, ingawa hazitoi joto jingi wala urujuanimno mwingi, bado ni mwanga. Nunua kipima laksi na ukisimamishe mbele ya kila mchoro, juu na chini, kwani mara nyingi ukingo wa juu hupata mara mbili ya wa chini.

Turudi kwa dansi, na hapa ndipo wiki tatu za kufunga zinapokulipa. Makasha yanaondoka siku ya tatu na mengine hayaji hadi siku ya kumi. Kwa siku sita hakuna hata kazi moja ya sanaa upande wa pili wa ukuta. Shoo zote za kelele ziingie humo. Siku ya nne vifaa vya dansi vinaingia kwa mlango wa mizigo, ambao sasa uko huru. Siku ya tano zinatundikwa taa na kulazwa zulia la vinaili, lipate usiku mmoja wa kujinyoosha (na chini yake pawe na sakafu inayonepa, maana zege huumiza magoti na vifundo vya wachezaji hata likifunikwa). Siku ya sita ni mazoezi ya kiufundi na ya maleba. Usiku wa saba na wa nane ni shoo, wakati rangi upande wa pili inakauka. Siku ya tisa vifaa vinatoka. Siku ya kumi asubuhi makasha yanaingia na mlango unafungwa.

Kinachoharibika katika mpango huu ni vumbi na makelele ya mafundi. Msasa unatoa unga mwembamba unaopita chini ya mlango na kutua kwenye lenzi za taa na kooni mwa waimbaji. Funika mlango wa kati kwa nailoni nzito iliyobandikwa tepu pande zote nne, na mfumo wa hewa wa ukumbi wa maonyesho uzimwe wakati wa msasa. Drili zifanye kazi asubuhi tu. Mchana ni wa mazoezi. Yaandikwe hayo, yabandikwe kwenye milango yote miwili, na mtu mmoja awe na neno la mwisho. Mafundi wa pande mbili wakiachwa kuelewana wenyewe saa tano usiku, hawataelewana.

Kwa mpango huo una vipindi vitatu vyenye usiku miwili ya kelele kila kimoja, yaani shoo sita. Sita zilizobaki ziwe za kimya na ziwekwe wakati maonyesho yako wazi: usomaji wa mashairi, ala moja bila vipaza sauti, filamu kwa sauti ya kadiri, mazungumzo na wasanii. Gharama yake ipo, na usiifiche kwa wenzako. Watazamaji wa dansi watakuta ukumbi wa maonyesho umefungwa, na mapato ya wale ambao wangeingia kote kuwili yatapungua. Baadhi ya vituo huona hiyo ni hasara isiyovumilika na huchagua kutoazima kazi nyeti kabisa. Nao wana hoja. Ila ukishaazima karatasi ya mtu, huna tena uhuru wa kuchagua.

Huenda mtunzi akasema ukuta ni mnene na besi haitapita. Jaribuni. Pigeni muziki wake kwa sauti ile ile ya shoo, kisha mtu aende upande wa pili na aweke kiganja kwenye kioo cha fremu iliyotundikwa. Akihisi mtetemo, jibu limepatikana, hata kama sikio halisikii kitu. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta. Besi huutingisha ukuta wenyewe na kupitia sakafuni. Kuongeza uzito wa ukuta mara mbili hupunguza sauti kwa desibeli 5 au 6 tu, ilhali uwazi wa sentimita moja chini ya mlango unaweza kupitisha sauti kuliko ukuta mzima. Anza na mlango: mpira wa kuziba pande zote na ukanda wa mpira unaogusa sakafu chini. Spika za besi zishushwe kutoka jukwaani, ziwekwe juu ya pedi za mpira mzito, mbali na ukuta wa pamoja. Na ukuta huo usitundikwe kitu msimu mzima; weka maandishi ya utangulizi hapo. Vitu vilivyo juu ya stendi hutembea milimita kwa milimita kwa mtetemo wa saa mbili, na huonekana vimesogea asubuhi, vikiwa vimefika ukingoni.

Moshi nao una matatizo matatu tofauti, na watu huyachanganya. La kwanza ni king'ora: moshi wa jukwaani ni matone madogo ya maji na glikoli au gliserini, na kitambuzi kinachotumia mwanga hakiwezi kuyatofautisha na moto. Kuzima vitambuzi kimyakimya ni kuhatarisha watu 150. Kinachofanyika ni kutenga eneo la jukwaa peke yake, kwa kibali cha maandishi, mlinzi wa moto aliyesimama akiwa na kizima moto, na orodha ya kuhakikisha kila kitambuzi kimerudishwa kabla mtu wa mwisho hajaondoka. La pili ni mabaki: ukungu unaotengenezwa kwa mafuta huacha utando kwenye kila kitu unachotua, kwa hiyo aina hiyo ikataliwe moja kwa moja. La tatu ndilo husahauliwa, nalo ni njia za hewa. Kama feni moja inavuta hewa kutoka kumbi zote mbili na kuirudisha kote, moshi utafika kwa michoro hata mlango ukiwa umefungwa na kuzibwa. Shika ukanda wa karatasi nyepesi mbele ya matundu ya hewa ya kila ukumbi, mwambie fundi awashe na kuzima upande mmoja, na utazame unavutwa wapi. Majibu yakiwa mabaya, mwombe mbunifu wa taa atumie mwanga wa pembeni ulio chini na pazia la shashi. Hatapata miale hewani, lakini atapata kina.

Hata shoo ya kimya ina athari. Mtu aliyekaa hutoa joto la kama wati 100 na mvuke wa gramu 50 hivi kwa saa. Watu 150 ni kilowati 15 na zaidi ya lita saba za maji hewani kila saa. Makumbusho makubwa yanayofuata mwongozo wa Bizot, kundi la wakurugenzi wa makumbusho makubwa duniani, hulenga unyevu wa asilimia 40 hadi 60 na joto la nyuzi 16 hadi 25, na unyevu usipande wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 24. Mlango wa kati ukifunguliwa wakati wa mapumziko ili watu "wapite wakaone michoro", umeuvunja mwongozo huo kwa dakika chache. Ukumbi wa maonyesho ufungwe nusu saa kabla ya shoo, na kipimo cha unyevu kinachojiandikia kiachwe ndani usiku kucha. Rekodi hiyo ndiyo utakayomwonyesha mwenye michoro akiuliza.

Kutangaza msimu: chapisha tarehe za nusu ya kwanza tu, na nusu ya pili utaje majina na miezi. Usitangaze kazi ya kuazima kabla mkataba haujatiwa saini na bima haijathibitishwa kuanzia msumari hadi msumari, yaani tangu inaposhushwa ukutani kwa mwenyewe hadi inaporudi hapo. Kazi zikivuka mpaka, hati ya forodha iitwayo ATA huziingiza bila ushuru kwa muda usiozidi mwaka mmoja katika nchi zinazoitambua. Kitu chochote chenye pembe ya ndovu au gamba la kasa kina vibali vyake vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambavyo huchelewa.

Yako mambo ambayo usiyaamue kwa kusoma jibu langu. Kitu chochote kitakachoning'inia juu ya vichwa vya watu kikaguliwe na mhandisi wa majengo aliyeona dari yenyewe, na kila taa iwe na waya wa pili wa usalama. Mpango wa moshi upelekwe kwa ofisa wa zimamoto afike, aone, atie saini. Mzigo wa umeme wa taa za jukwaa na joto la projekta upimwe na fundi umeme mwenye leseni. Na ukiona ukungu wa kuvu, karatasi iliyotutumka au rangi inayobanduka kwenye mchoro, usiuguse wala usiufungue. Upige picha, uuache mahali pake ukiwa umelala, na mwite mhifadhi wa karatasi siku hiyo hiyo, pamoja na kumwarifu mwenyewe.

Wiki hii andika barua mbili. Moja iende kwa mwenye michoro, kumpa tarehe mpya na kumwomba kiwango chake cha mwanga na masharti ya mtetemo kwa maandishi. Taasisi nyingi hutaka kuarifiwa miezi sita au zaidi kabla, kwa hiyo usingoje kikao kijacho. Ya pili iende kwa mtunzi wa dansi: mwambie shoo yake inakuja kabla ya michoro badala ya katikati yake, kwamba besi anaipata yote, na kwamba moshi unategemea jaribio la ukanda wa karatasi, ambalo anakaribishwa kulishuhudia.